Historia ya Marehemu Zarifa, Aliyeandika Saa kwenye Paji la Uso

Ndugu waombolezaji, marehemu Zarifa binti Rustam, mke wa mdogo wangu Soud, alifariki dunia jana, Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, saa nne na dakika arobaini asubuhi, si alfajiri kama mlivyotumiwa kwenye simu, wala si saa tano na dakika tano kama cheti kinavyosema, kwani hiyo ni saa aliyotia sahihi daktari, nami nilikuwa nimeketi mbele ya saa ya ukutani, na mnisamehe kuanza na hili, sababu yake mtaisikia.

Alizaliwa tarehe 14 Februari 1970, katika kijiji kilicho karibu na mji wa Aghdam, nchini Azerbaijan, akasoma huko huko, kisha akahitimu uuguzi mjini Baku mwaka 1989. Vita vilipofika kwao, wauguzi wanawake walibakizwa hospitalini, yeye akawa wa kwanza wilayani kwake kufuatana na machela hadi mstari wa mbele, na askari waliomcheka siku ya kwanza, wakimwambia arudi akapike chai, ndio aliowafunga majeraha siku ya tatu.

Kazi hiyo ilikuwa na sharti, kwamba majeruhi akifungwa kamba ya kuzuia damu, saa ya kufungwa iandikwe kwenye paji la uso wake, ili daktari ajue kama mguu bado unaweza kuokolewa. Tarehe 17 Juni 1993 alimfunga askari wa miaka kumi na tisa, jina lake Elshad, akasahau kuandika, daktari hakuweza kujua kamba imekaa muda gani, mguu ukakatwa.

Alikuja Dubai mwaka 1998, akatumikia zahanati moja ya mtaa wa Deira miaka ishirini na sita, akaolewa na Soud tarehe 9 Machi 2001, wakajaaliwa Hind na Azzam, na Kiswahili akajifunza jikoni kwa mama yetu. Majirani walimwita Bibi Saa, maana ukimpelekea mtoto mwenye homa aliuliza imeanza saa ngapi kabla ya kuitikia salamu, na dada yetu Mwanamkasi alizoea kumtania, “Wifi, hata chafya utaiandika?” naye alijibu, “Nitaiandika,” sote tukacheka, yeye hacheki.

Maradhi ya ini yaligunduliwa Januari mwaka huu. Tarehe 30 Oktoba, saa kumi na robo jioni, akili yake ikiwa timamu, alinieleza habari ya Elshad, na barua alizomwandikia ambazo hazikujibiwa, akasema, “Shemeji, usinisifu kwa niliowaponya, mtaje Elshad, useme nilisahau.” Jana, tulipotoka makaburini, baadhi yetu walitaka jambo hili lisitiriwe, na nia yao ni njema, lakini aliyeomba ni mwenyewe, nami niliahidi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani zetu wa Deira, na wenzake wa zahanati, ambao hawakumwacha peke yake hata siku moja.

Shemeji yangu Zarifa, saa yako imeandikwa sawasawa, na jina la Elshad limesomwa mbele ya watu, sasa pumzika kwa amani.