Popo wa Juu ya Benchi

Benchi letu liko Thika, nje ya ukuta wa kiwanda kule Eneo la Viwanda, chini ya mti ambao jina lake hatujawahi kuuliza. Shughuli zetu ni mbili: kunywa kahawa ya Mwanamisi, anayeuza hapo kando, na kujua kila kitu. Mimi naitwa Mwenyekiti kwa sababu benchi nililileta mimi. Injinia hutengeneza chaja, na zingine hupona. Wakili aliwahi kuitwa kortini kama shahidi, kesi ikaahirishwa. Jared hana jina la utani kwa sababu haongei. Kiwanda cha nguo kilimwachisha kazi mwaka juzi. Sasa ameomba kazi kwenye mitambo ya umeme wa upepo, ya kulinda ndege na popo wasikatwe na yale mapanga yanayozunguka, na kwenye fomu aliandika kwamba sisi ndio tunamjua vizuri. Leo kampuni inamtuma mtu kutuuliza. Tumeapa hatutamwangusha.

— Jared, sikia, akaanza Injinia. Huko kuna kamera. Ikiona tai anakuja, mtambo unasimama.

— Na popo? akauliza Wakili. Huyo si hutembea usiku?

— Popo anasikizwa. Kuna mashine inashika sauti yake, ile sisi hatuwezi sikia.

— Kama haisikiki, hiyo ni sauti ama ni uvumi? Kortini haiingii!

Jared akakohoa.

— Wanataka mtu wa kuhesabu, waone kama kamera inasema...

— Ngoja kwanza, Jared, nikamkata. Wenye wanajua waongee. Dawa ni kila ndege apewe namba pleti.

— Maze, na popo wavalishwe reflekta! akadakia Injinia.

— Zii, akasema Wakili. Popo aitwe, aketishwe chini, aambiwe. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Ataketi aje na yeye huning'inia kichwa chini?

— Ndio maana haelewi! Maneno yanamwagika!

Tulikuwa bado tunacheka mama mmoja mwenye gambuti alipoagiza kahawa.

— Habari zenu. Naitwa Nafuna, natoka kampuni ya upepo. Nyinyi ndio mnamjua Jared?

— Sana! nikasema. Huyu tumemfundisha sisi.

— Na mnakaa hapa kila siku?

— Miaka sita!

— Basi nisaidieni. Hawa popo wa hapa juu yenu ni wangapi?

Tukainua vichwa, kwa mara ya kwanza. Yale tuliyokuwa tukiyaita majani makavu yalikuwa na masikio. Niliona aibu, wallahi. Kazi ya mtu ilikuwa imekalia ulimi wangu.

— Kuna popo? nikauliza.

— Leo ni mia moja na nane, akasema Jared polepole. Jumatatu walikuwa mia na kumi na tano. Wengi hupenda upande wa ukuta, kuna joto.

Nafuna akaweka kikombe chini.

— Kuhesabu hivi ulijifunzia wapi?

— Hapa hapa. Kuongea huwa sipati zamu.

Nafuna akatoa daftari, akamwita kando. Sisi tukabaki shingo juu, tukihesabu. Mimi nilifika kumi na tisa, Injinia akaapa ni ishirini na nne, Wakili akaomba kesi iahirishwe. Halafu kitu kikadondoka kutoka juu, ndani ya kikombe changu.

— Mwanamisi, niongezee nyingine.

— Imeisha, Mwenyekiti. Kunywa hiyo hiyo.