Aliyelala Badala ya Shujaa

Haya alinihadithia mkwe wangu Ponnuthayi juzi, aliporudi kwa basi kutoka Madurai. Kwenye kiti cha mbele yake, kijana mwenye fulana yenye picha ya shujaa arukaye wa sinema alikuwa akiilaumu sehemu ya tatu ya filamu zake, ile ya mwisho. “Wamemuua bure,” alimwambia mama asiyemjua aliyekaa kando yake. “Ingekuwa mimi, angefufuka.”

“Mimi ningeongeza kicheko tu,” mama akasema.

“Kicheko msibani, mama? Watu wangedai viingilio vyao.”

Mama hakuchukia. Akaeleza kwamba katika tukio la mazishi, kwenye machela ya maua hakulala mwigizaji wa shujaa, alilala Mayandi, mwanawe yeye mama, kwa kuwa wanafanana umbo. Na kila anayeigiza maiti sharti acheke mbele ya kamera kabla hajainuka, kifo kisije kikamganda. Siku ile ikanyesha mvua, kamera zikafunikwa haraka, Mayandi akainuka hivyo hivyo. “Tangu hapo hajacheka. Wali anaugusa tu. Mbwa wetu hamkaribii.”

“Yuko wapi sasa?”

“Huyu hapa dirishani.”

Safari nzima Ponnuthayi hakuwa ametambua kwamba dirishani kuna mtu.

Kijana akatoa simu, akamwelekezea kamera. “Kaka, cheka kidogo basi. Mama yako anangoja.”

Mayandi akaitazama bila kupepesa. Kijana akaishikilia mpaka mkono ukachoka. Basi liliposimama Usilampatti, kijana akashuka bila kuaga. Mama alikwisha kusinzia. Mayandi naye akakunja mikono kifuani, akalala vilevile kama kwenye filamu.