Ukurasa wa Reuben Purkiss

Jumanne ya tarehe kumi na tisa Agosti, mwaka huu wa 1975, saa tisa na robo alasiri, shangazi yenu Edith alikata roho nyumbani kwake ng'ambo ya mto Huon, na mimi baba yenu nilikuwa bado darajani, njiani kwenda kwake. Sikilizeni, wanangu. Lindsay, zima hiyo redio. Beryl, sogea uandike, maana sauti yangu haifiki mbali tena, na daktari ameshaniambia ukweli.

Shamba la matufaha mmeshagawana na sina la kuongeza. Ninachowaachia ni kazi moja niliyoshindwa kuifanya mwenyewe kwa miaka arobaini na minne.

Mnajua tulivyolelewa. Kila mwezi wa Machi, Jumapili ya kwanza, ukoo mzima wa Purkiss unatoka kanisani na kwenda kwenye kaburi la Josiah, pale mbele, tunalisugua jiwe kwa brashi na sabuni, tunaweka maua, kisha tunakula keki kwenye nyasi. Josiah Purkiss, mlowezi huru, aliyekuja Tasmania na barua ya serikali mkononi akapewa ardhi. Mmewafundisha watoto wenu kumwita babu. Wanangu, Josiah alikufa bila mke wala mtoto. Tumekuwa tukimwosha mtu baki.

Babu yetu ni Reuben Purkiss, aliyeletwa kutoka Uingereza na minyororo miguuni kwa kuiba kondoo, akapangiwa kazi kwenye shamba la huyo Josiah. Hawakuwa ndugu. Jina lilikuwa moja tu, na wazee wetu waliona mlango wa kujificha, wakaingia wakaufunga. Reuben amelala nyuma ya kanisa, karibu na ua wa waya, wala hana jiwe.

Aliyegundua haya ni Edith. Alikuwa mwalimu wa shule yetu, na mwaka 1931 alikuwa akiwaandikia watoto habari za bonde hili. Kasisi akamruhusu asome madaftari ya zamani ya ubatizo. Humo akamkuta babu aliyemzaa baba yetu, amebatizwa mwaka 1838, baba yake Reuben, na mahali pa kuandika kazi ya baba pameandikwa neno moja: mfungwa. Akanakili, akaja mbio jikoni kwangu bila hata kuvua kofia.

"Mdogo wangu, nimempata!"

"Umempata nani, dada?"

"Babu yetu wa kweli. Mwizi wa kondoo! Tena mmoja tu, Ambrose, na nadhani hata hakuwahi kumla."

Alikuwa anacheka mpaka anashika meza. Mimi sikucheka. Nikamwambia afunge mdomo, mimi ni mzee wa kanisa.

"Haya, mzee wa kanisa," akasema, "acha kumpelekea maua mtu asiyekujua. Mpelekee wako."

Siku zile neno mfungwa halikutajwa mezani. Watu walichoma barua za bibi zao, wakafuta majina kwenye Biblia za nyumbani, na kila familia ya hapa ilikuwa na mlowezi wake huru wa kujivunia, hata nikawa najiuliza mashamba hayo yote yalilimwa na nani. Niliogopa. Nilimwogopa baba mkwe wangu, niliwaogopa wazee wenzangu, niliogopa kupoteza kiti changu cha mbele.

Edith akasema Jumapili atawaeleza watu wote. Jumamosi nilichukua ufunguo wa kanisa, nikaingia peke yangu na wembe wangu wa kunyolea, nikaukata ule ukurasa.

Kesho yake akasimama, akaeleza vizuri, kwa furaha, kama anavyoeleza darasani. Kasisi akaleta daftari, akafungua mbele ya watu. Hakuna kitu. Mtu mmoja nyuma akasema, "Mwalimu, labda uliota," na kanisa zima likacheka. Binamu zetu wakamwita mwongo, mtukanaji wa marehemu. Edith akanigeukia.

"Ambrose, sema wewe. Nilikusomea."

Nikasimama mbele ya madhabahu ya Mungu nikasema, "Sijui analozungumza."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho kati yetu. Wazazi wakawatoa watoto darasani kwake mpaka shule ikamwachisha kazi, akaishi kwa kushona. Lakini kanisani hakuacha kuja. Alikaa benchi la mwisho, na kila Jumapili mimi ndiye niliyepitisha mfuko wa sadaka, nikamfikia, akatia sadaka yake bila kuinua macho, nikapita. Hesabuni wenyewe Jumapili hizo. Mama yenu alipokufa nilidhani Edith angekuja kunishika mkono. Alikuja, akasimama mbali, akaondoka. Jioni nilikuwa natoka nje kutazama moshi wa jiko lake ng'ambo ya mto, nione kama bado yuko.

Mnakumbuka ule moto mkubwa wa 1967 nilipotoka nyumbani na picha ya mama yangu tu, na watu wakasema huyu mzee alimpenda mama yake. Ukurasa uko nyuma ya picha hiyo, kati ya kadi na ubao.

Unacheka nini, Lindsay?

"Sicheki, baba. Ila siku hizi watu wanajivunia. Jirani yangu kamtundika mfungwa wake ukutani."

Ndiyo, najua. Ndicho kinachonimaliza. Nilimuuza dada yangu kwa aibu ambayo sasa watu wanaitundika ukutani.

"Lakini wote wameshakufa," unasema, Beryl. "Kwa nini usiache tu?" Weka kalamu, nikuambie. Jumanne ile nilipofika kwa Edith alikuwa ameshafunikwa uso. Mezani palikuwa na daftari la ukoo wetu, kwa mwandiko wake. Ninyi mmo, na wanenu, na siku zenu za kuzaliwa, amezitoa magazetini. Na penye jina la Reuben ameandika: "Ushahidi anao mdogo wangu Ambrose."

Alijua. Miaka yote hiyo alijua, na hakunitaja kwa mtu.

Sasa fanyeni hivi. Jumapili hii pelekeni ukurasa, msimame mbele, mseme mwalimu Edith alisema kweli na baba yetu alimkana. Semeni kwa sauti. Reuben awekewe jiwe, na kazi yake iandikwe kama ilivyo. Edith amezikwa kando yake, alivyoomba.

Mimi msinipeleke huko. Sikumwomba ruhusa akiwa hai. Nizikeni mbele, karibu na Josiah, nilipojichagulia.

Nipe maji... basi, yatosha. Lindsay, Beryl, leteni vichwa. Mungu awalinde, awape ulimi usioogopa. Muishi pamoja... msitenganishwe na mto.

Ee Bwana, mpokee Edith mtumishi wako, aliyesema kweli akachekwa. Mpokee Reuben, umfungue miguu. Waweke karibu nawe, Bwana... uwape watu wa kuzungumza nao. Amina.