Mazabodi ya Mke wa Randa

Benchi lililo mbele ya kibanda cha Volti, fundi redio, alilitengeneza Randa, seremala, ndiyo maana hakuna mwenye ubavu wa kumwambia asogee. Asubuhi hiyo alifika na taulo kwapani, na ndani ya taulo mlikuwa na mazabodi, ule ubao unaoshika vyote ndani ya kompyuta. Ilikuwa ya marehemu mkewe, aliyekuwa akichapia watu barua na maombi ya kazi katika chumba cha pili. Wenzake wa kijiweni walidhani anatafuta picha na barua, kumbe hizo binti yake alishazitoa zamani. Randa alichokitaka ni mvumo wa feni ya kompyuta hiyo. Miaka kumi na minne alipiga randa uani akiusikia dirishani, akajua mwenzake yupo. Sasa nyumba ilikuwa kimya, na kimya hicho kilimuumiza. Lakini utaanzia wapi kuwaambia watu wa kijiweni kwamba unaililia feni?

— Kapasita zimevimba, hivi vikopo vidogo, alisema Volti akiugeuza ubao kwenye mwanga. Hii imekwisha, mzee. Nunua mpya.

— Mpya haikubali ubongo wa zamani, yaani prosesa, alidakia Wakili, ambaye mahakamani aliingia mara moja tu, tena kama shahidi. Ramu ya zamani, kijiti cha kumbukumbu, nayo haiitaki. Ukinunua mpya, umenunua kompyuta nzima.

— Basi achukue ya mtumba, alisema Volti.

— Kama ile aliyochukua mwezi uliopita?

Benchi zima likaangua kicheko. Mara ile Randa alikwenda dukani na futi kamba, akapima ubao, akapima matundu ya skrubu, vyote vikalingana hadi milimita. Kufika nyumbani, prosesa ikagoma kuingia. Soketi, kile kikalio cha prosesa, haikuwa yake.

— Matundu yalikuwa sawasawa, alijitetea.

— Mzee wangu, ile siyo bawaba ya kabati!

Birika, muuza kahawa, alimjazia kikombe ili kumpoza. Volti akavuta kiti.

— Sikiliza. Kuna ndogo, inakuja na prosesa yake juu, bei poa. Haina hata feni! Ukiiwasha, hujui kama imewaka.

— Hapana, alisema Randa.

— Hapana nini?

— Hiyo siitaki.

— Wiki iliyopita ulikataa yenye feni ndogo, leo unakataa isiyo na feni. Unachagua mazabodi au mchumba?

Randa alikunywa kahawa yake.

— Mimi ningeioka, alisema Birika. Shemeji yangu aliioka ya kwake kwenye oveni, ikafufuka.

— Ikafufuka kweli?

— Dakika kumi. Lakini mkate wao mpaka leo unanuka waya.

— Achaneni na oveni, alisema Wakili akisimama kabisa. Mazabodi zina kumbukumbu ya mahali zilipofanya kazi. Chukua ya benki uone! Ikifika saa kumi jioni inafunga, hata ukiipigia magoti. Ya hospitali nayo itakuambia usubiri kwenye foleni.

— Na ya shule?

— Hiyo inataka likizo!

Walikuwa wangali wakibishana alipokuja dada mmoja na pasi iliyoungua waya. Hawakuwa wakimjua. Aliiweka pasi kwenye meza ya Volti, akapokea kahawa ya Birika, akasikiliza mabishano mpaka kahawa yake ikapoa.

— Samahanini, alisema. Hiyo kompyuta ikipona, nani ataitumia?

Wakili aliketi tena. Birika akajishughulisha kufuta chupa iliyokwisha kuwa safi. Kila mtu pale alijua kwamba Randa hawezi kuchapa hata jina lake, binti yuko mbali na ana mashine yake, na aliyekuwa akikaa kwenye kile kiti hatarudi. Wiki tatu walizozana, na swali hilo hakuna aliyelifikiria. Randa alianza kuikunja taulo upya. Hamu ya kumwona mkewe ilimshika pale pale, mchana kweupe, mbele za watu.

— Nimemkumbuka mwenyewe, alisema. Basi.

Dada yule akasema pole, akainamisha macho. Volti aliingia kibandani, akapekua sana, akatoka na ubao wenye vumbi.

— Huu ni ndugu wa ule wako, soketi ileile. Sikukuonyesha kwa sababu ubao wenyewe umechoka, nusu ya matundu ya waya hayafanyi kazi. Sikutaka kukuuzia kitu kibovu.

— Na feni yangu itakaa?

— Itakaa. Ila ile feni yako nayo imezeeka, mzee. Inavuma kama mashine ya kusaga, inasikika mpaka barabarani. Ngoja nikuwekee mpya, nitakupa bure.

Randa aliuweka mkono wake juu ya mkono wa fundi.

— Hiyo usiiguse.