Ulimi wa Mama Haukudanganywa

Marehemu mama yetu, ambaye wengi hapa mlimwita Bibi Pua, alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa tatu wa fundi viatu. Bibi mzaa mama alikuwa akisimulia kwamba akiwa na miaka sita mama aligoma kunywa chai, akidai maziwa yamelala karibu na gundi ya viatu. Kweli yalikuwa yamelala hapo. Alimaliza sekondari mwaka 1975, akiongoza darasa zima kwa kemia.

Mwaka 1979 aliajiriwa na kampuni ya kuagiza vinywaji, akiwa mwonjaji. Kazi yake ilikuwa kuchagua konyaki, pombe kali ya zabibu, hasa ile yenye kilevi cha asilimia hamsini na nane, itokayo kwenye pipa bila kutiwa maji. Alionja na kutema. Nyumbani hakugusa hata tone. Alitufundisha kwamba konyaki kali ya kweli, ukiinywa kidogokidogo, huwasha kisha huacha utamu wa zabibu kavu. Na ukiichanganya na ndimu na barafu, ladha yake haipotei.

Alifunga ndoa na baba tarehe 6 Juni 1981. Baba alikuwa na mdogo wake asiye na kazi. Kwetu ni baba mdogo, ila humu tutamwita shemeji tu. Mama alimwombea kazi kwenye ghala la kampuni yake, akapata. Mwaka 1988 wateja walilalamika kwamba konyaki imepooza. Shemeji, ambaye ndiye aliyekuwa akitia maji mapipani na kuiba ziada, aliwaambia wakubwa kwamba mama analewa kazini. Mama alifukuzwa siku hiyohiyo. Mtaani tukaitwa watoto wa mlevi.

Mama hakulia. Alimwambia baba, "Mdogo wako nitamngoja." Alingoja miaka kumi na mmoja, akisimamia baa ya hoteli moja. Tarehe 3 Septemba 1999 shemeji, sasa mkurugenzi wa kampuni ileile, aliwaalika wenye hoteli waje kuchagua konyaki. Hoteli aliyofanyia kazi mama ikamtuma yeye. Alinusa, akaonja, akatema. Akaomba ndimu na barafu, akachanganya, akawapa wote waonje. Walionja ndimu tupu. Ndipo aliposema:

"Shemeji, chupa imeandikwa hamsini na nane. Lete kipimo."

Kipimo cha kilevi kilisoma arobaini na mbili. Kufika jioni shemeji hakuwa na kazi. Mama alirudi nyumbani, akaoga, akalala fofofo.

Alianza kuugua figo Februari 2021. Shemeji alimfuata wodini kuomba radhi. Mama alimjibu kwa upole, "Ulinichafua mbele za watu. Usije kuniomba msamaha chumbani." Hadi leo hajauomba mbele za watu. Mama alifariki tarehe 19 Mei 2023, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa baba.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano na dada mmoja. Shemeji amekaa safu ya pili. Mama aliagiza asihesabiwe miongoni mwa wafiwa, nasi tumetii.

Mungu ampe mama pumziko jema. Yeye peke yake.