Ng'ombe Wawili, Sikio Moja

Kwenye basi la Chamwino, mbele yangu walikaa wanachuo wawili, Lameck na Anyesi. Lameck alikuwa anakwenda kumwonyesha mwalimu programu yake ya kompyuta ya mifugo, na akifeli anarudia mwaka. "Nimeunda Mnyama wa jumla," alijigamba. "Mwenyewe hatengenezwi, sifa zake tu zinarithiwa na ng'ombe na mbuzi." Nikajisemea, huyo hata majani hali, ana faida.

"Sasa nanakili ng'ombe, napata wawili." Anyesi akasema, "Haya, huyo wa pili muuzie jirani. Mkate sikio, umtie alama ya jirani." Lameck akabonyeza. Kwenye kioo cha kompyuta masikio ya ng'ombe wote wawili yakakatika, yakapata alama ya jirani.

"Kaka! Jirani kakuzolea zizi zima!" Anyesi alicheka mpaka mtandio ukamteleza. "Umenakili ng'ombe, sikio umewaachia moja wachangie. Nalo lilitakiwa linakiliwe!"

"Mwalimu hataona."

"Mwalimu ni Mgogo, kakulia zizini! Ataanza na sikio!"

"Ng'ombe wangu mzima kabisa," Lameck akang'ang'ania, na basi likasimama. Alishuka kaikumbatia kompyuta mkono mmoja, wa pili kashika sikio lake mwenyewe.