Pingu za Mtaliano

Waliokuwapo kijiweni kando ya barabara ya Huanshi Zhonglu, katika mji wa Kichina, ni hawa: Aloyce wa Moshi, muuza redio, aitwaye Jaji ingawa mahakamani aliingia mara moja tu, tena kizimbani, Kimani wa Thika, wa simu, aitwaye Interpol, Mwanahija wa Tanga, mwenye birika la kahawa, na Msabaha wa Unguja, mnunuzi wa viatu vya soko la Zhanxi, ambaye tangu aanze kuandika riwaya huitwa Profesa, naye hajakataa. Riwaya yenyewe ni ya Barawa, mji wa pwani ya Wasomali, mwaka 1936, enzi za Mtaliano. Mchapishaji anaisubiri, nayo imekwama sura ya saba: zaptie, yaani askari mwenyeji wa Wataliano, amemfumania mwoka mikate wa Kitaliano akiiba. Je, aliruhusiwa kumtia pingu? Na kijiwe kina sheria moja: anayetoa simu kutafuta jibu huwanunulia wote kahawa.

— Anamfunga, alisema Jaji. Sheria ni msumeno.

— Msumeno wa nani? aliuliza Interpol. Hao wasee walikuwa na pingu aina mbili, bana. Za chuma za Mwafrika, za hariri za mzungu.

— Za hariri! Umeziona wapi?

— Zhanxi. Kuna laobani, mwenye duka, ana maboksi matatu, hapunguzi bei.

Mwanahija akamimina kahawa.

— Profesa, si Kauthar, yule binti anayenunua mzigo Yide Lu, alikupa namba ya babu yake Mombasa? Baba wa yule mzee si alikuwa zaptie hukohuko Barawa?

— Alinipa.

— Basi mpigie.

— Nitoe simu niwanyweshe hawa?

Wakacheka. Msabaha alicheka kuliko wote, maana hofu yake haikuwa kahawa. Mzee akisema haikuwezekana, sura ya saba inakufa, na tano alizopanga baada yake zimeegemea pingu hizo.

— Mwache, alisema Jaji. Haraka haraka haina baraka.

— Haraka gani, na namba anayo tangu Ramadhani? aliuliza Mwanahija.

— Mvumilivu hula mbivu.

— Sikizeni, alisema Interpol. Zaptie alimpigia mzungu saluti kwanza, ndipo akamkamata.

— Na mzungu akiirudisha saluti, alidakia Jaji, amejidhamini, anakwenda zake! Mfa maji haachi kutapatapa.

Methali ile iliingia kwa mlango gani, hakuna aliyeuliza. Msabaha aliipenda saluti. Alikwisha kuanza kuitungia aya kichwani Kauthar alipofika kutoka soko la Yide Lu, mikono mitupu.

— Shikamoo, mjomba Msabaha.

— Marahaba, mwanangu.

— Babu alikuwa akiniuliza kila Jumapili kama utampigia. Ulitaka kumwuliza nini hasa?

Jaji aliinamia kikombe chake. Interpol akakumbuka mzigo wake.

Mzee Abdulsamad, babu yake Kauthar, alifariki Mombasa Alhamisi alfajiri, akazikwa kabla ya adhuhuri.